Mama mdogo si "mzazi" kwenye FAFSA: kisa cha binti mmoja wa Louisville

Kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao. Ukimlea tangu mama yake afariki, humtambulishi kwa wageni kama yatima wa dada; unasema huyu ni binti yangu, na mazungumzo yanaendelea. FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuomba msaada wa karo, haimtambui hivyo. Neno moja tu, mzazi, likieleweka kwa Kiswahili badala ya kisheria, lilikaribia kuigharimu familia hii dola 3,700 kila mwaka wa masomo.

Kisa ni cha mfano, kimejengwa kwa mambo yanayojirudia katika familia za Wakongomani waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha wakahamishiwa Kentucky. Mapato ya familia na bei za vyuo ni za mfano pia. Kanuni na viwango vya Pell (ruzuku ya masomo ya serikali kuu) na mikopo ni vya kweli, vya mwaka wa masomo wa 2025–26.

Familia

Binti ana miaka 18, yuko darasa la 12, wastani wake wa alama ni 3.5 kati ya 4, na anataka kusomea uuguzi. Mama yake alifariki Nyarugusu mwaka 2014. Baba alipotezana nao walipokimbia Fizi, Kivu Kusini; hakuna simu, hakuna barua, ni uvumi tu kwamba aliwahi kuonekana Burundi. Mama mdogo alimchukua, na mwaka 2019 walifika Louisville wote katika faili moja la wakimbizi. Sasa wote wana green card. Mama mdogo anafanya usafi hospitalini, mumewe anapanga vifurushi ghalani zamu ya usiku, na mwaka 2023 waliingiza jumla ya dola 86,000. Pamoja na watoto wao watatu, nyumbani wako sita.

Mwaka 2023 ndio unaohusika kwa sababu FAFSA hutazama kodi ya miaka miwili nyuma. Fomu ya 2025–26 inasoma kodi ya 2023, hata kama baba wa nyumba alipoteza kazi wiki iliyopita. Mapato yakiwa yameshuka tangu hapo, dawa yake ni kuandikia ofisi ya misaada ya fedha ya chuo na kuambatisha barua ya kuachishwa kazi na hati za mshahara za karibuni. Usibadilishe namba kwenye fomu.

Fomu ilivyojazwa

Binti alijaza kwa simu, mezani nyumbani, mwezi Desemba 2024. Fomu ya mtandaoni ni ya Kiingereza au Kihispania, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba nzima, kama ilivyo katika familia nyingi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa akaunti ya studentaid.gov. Jina lazima lifanane herufi kwa herufi na kadi ya Social Security, si na cheti cha ubatizo wala kadi ya shule. Kadi yake ilikuwa imegeuza jina la ukoo na jina la kwanza, kosa la siku nyingi kutoka kambini. Alipoandika jina "sahihi", mfumo ulikataa. Alipoandika kama kadi ilivyo, ulipita. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari, na kama ndiyo iliyo kwenye nyaraka, ndiyo inayoandikwa. Mwenye green card anaingiza pia namba yake ya A, yaani namba ya uhamiaji iliyo kwenye kadi hiyo, inayolinganishwa na kumbukumbu za uhamiaji. Ikikosewa tarakimu moja, chuo kitadai nakala ya kadi na msaada utasimama mpaka ifike.

Kisha fomu ikamtaka amwalike mzazi. Akaweka barua pepe ya mama mdogo. Mama mdogo akafungua akaunti yake, akakubali taarifa zake za kodi zitoke IRS, idara ya kodi ya Marekani, moja kwa moja, akatia saini. Hakuna kilichogoma. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mfumo haujui nani alimzaa nani. Unapokea unachoambiwa na kupiga hesabu.

Hesabu ilitoa SAI ya 3,700. SAI ni namba ambayo vyuo hutumia kupima uwezo wa familia. Haimaanishi kwamba hicho ndicho mtakacholipa, na inaweza kushuka hadi hasi 1,500. Kwa mtu wa kawaida, Pell ni kiwango cha juu, dola 7,395, ukitoa SAI. Yeye akabakiwa na 3,695. Pell ni ruzuku, hairudishwi.

Kosa liko wapi

Kwa FAFSA, mzazi ni aliyekuzaa, au aliyekuasili kisheria mahakamani, au mwenzi wa ndoa wa mzazi huyo. Bibi, mjomba, shangazi, baba mkubwa, mama mdogo na kaka mkubwa hawamo, hata kama wamekulea miaka 10 na kukulipia kila kitu. Mapato yao hayatakiwi kwenye fomu.

Mumewe mama mdogo aliuliza swali la haki kabisa: mbona kila mwaka tunamweka kwenye kodi kama tegemezi na IRS wanakubali? Wanakubali kwa sababu ni halali. Sheria ya kodi inaruhusu kumdai mtoto wa ndugu anayeishi nawe zaidi ya nusu mwaka, akiwa chini ya miaka 19, au chini ya 24 akiwa mwanafunzi wa muda wote, mradi hajilipii mwenyewe zaidi ya nusu ya gharama za maisha yake. Lakini utegemezi wa kodi na utegemezi wa FAFSA ni sheria mbili zisizotazamana. Familia inaweza kuendelea kumdai kwenye kodi na hapo hapo fomu ikamwona kama mwanafunzi anayejitegemea. Hakuna udanganyifu katika hilo, na watu waache kuogopa. Udanganyifu ni kuandika kwa makusudi kisicho kweli, na fomu inaonya kuhusu faini ya hadi dola 20,000, kifungo, au vyote. Aliyekosea kwa kutoelewa anasahihisha.

Milango mitatu, na upi ulikuwa wake

Mtu wa chini ya miaka 24, asiye na ndoa wala mtoto, huhesabiwa kuwa tegemezi wa wazazi mpaka aonyeshe sababu mojawapo iliyotajwa na sheria. Kwa vijana waliolelewa na ndugu, tatu ndizo zinazotazamwa kwanza.

Ya kwanza ni uyatima. Fomu inauliza kama wakati wowote tangu utimize miaka 13 hukuwa na mzazi aliye hai. Kama wazazi wote wawili walifariki, jibu ni ndiyo, hata ukiwa umepata walezi wazuri kuliko wote. Binti huyu hangeweza kujibu ndiyo kwa dhamiri safi, kwa sababu hakuna anayejua kama baba yake amefariki. Tunalisisitiza hili maana ushauri wa mtaani ni "andika tu yatima". Chuo kikiomba cheti cha kifo na kisiwepo, anakuwa ameanza kwa uongo katika jambo ambalo ukweli wake ungetosha.

Ya pili ni ulezi wa mahakama. Kama mahakama ya jimbo unaloishi ilimteua mtu kuwa mlezi wako kabla hujatimiza miaka 18, fomu inakuhesabu unajitegemea, bila kubembeleza ofisi yoyote. Kwa hiyo tafuteni kwenye bahasha za zamani. Wakati mwingine shirika lililowapokea lilisaidia kupata karatasi hiyo kwa ajili ya shule au hospitali, na familia ikaisahau. Mwenye mtoto wa ndugu aliye darasa la 9 au la 10 bado ana muda wa kuipeleka hali hiyo mahakamani. Akishatimiza 18, mlango huu umefungwa. Katika familia hii karatasi haikuwepo.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa yake: hali isiyo ya kawaida. Sheria mpya ya FAFSA, iliyopitishwa Desemba 2020 na kuanza na fomu ya 2024–25, inataja kwa jina hali zinazoweza kumfanya mwanafunzi ashindwe kuwafikia wazazi wake, na mojawapo ni kupewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi. Kijana akijibu ndiyo kwenye swali hilo, fomu inapita bila sahihi ya mzazi, anapata SAI ya muda, na uamuzi wa mwisho unabaki kwa chuo.

Hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi. Kijana ambaye baba yake yuko Uvira na wanaongea kwa WhatsApp kila Jumapili ana mzazi anayefikika, na ofisi ina haki ya kumwambia hivyo. Tena mzazi kukataa tu kutoa taarifa zake si hali isiyo ya kawaida. Kijana wa namna hiyo anaweza kupewa mkopo unaozaa riba tangu siku ya kwanza, lakini si Pell.

Marekebisho

Kosa liligunduliwa Februari, chuo cha umma kilipoitisha uhakiki na kuuliza uhusiano wa waliotia saini. Binti aliandika "aunt", na ofisi ikampigia simu. Angeweza kusubiri barua nyingine. Alifanya vizuri kuomba miadi wiki ile ile.

Alipeleka vitu vinne. Nakala ya ukurasa wa faili la ukimbizi unaoorodhesha wanafamilia, ambao una safu ya uhusiano na mwenye faili. Kwake imeandikwa "niece". Karatasi hiyo wengi wanayo ndani ya mfuko wa plastiki waliobebea nyaraka uwanja wa ndege, na inafaa kuliko maelezo marefu, kwa sababu iliandikwa miaka kabla ya mtu yeyote kufikiria karo. Hati ya kifo cha mama kutoka kambini. Barua ya mfanyakazi wa shirika lililowapokea, iliyosema anaifahamu familia tangu 2019 na hajawahi kusikia baba akipatikana. Na maelezo yake mwenyewe, ukurasa mmoja.

Maelezo hayo ndiyo yanayoharibiwa mara nyingi. Vijana huandika kurasa nne za vita, na afisa akimaliza kusoma bado hajui kama baba anapatikana. Mpangilio unaofaa ni tarehe na majibu: mara ya mwisho kumwona mzazi ni lini na wapi, mara ya mwisho kuwasiliana ni lini, familia ilimtafuta vipi, kupitia nani, nani anakulisha na kukulaza sasa, tangu lini, nani mwingine anaweza kuthibitisha, na simu yake. Uvumi wa Burundi nao uliandikwa kama ulivyo: mtu alisema, hakuna aliyethibitisha. Kuuficha kungekuwa kosa, kwani mama mdogo angeutaja kwenye mahojiano na maelezo yakagongana.

Kukosa karatasi kusimkatishe mtu tamaa. Mahojiano yaliyoandikwa na ofisi yenyewe ni ushahidi unaokubalika, na pia maelezo ya wakili, ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii au ya mwakilishi wa TRIO, programu ya serikali kuu ya kuwasaidia vijana wa kipato kidogo kufika chuo. Chuo kinatakiwa kutoa uamuzi mapema kadiri inavyowezekana baada ya kupata nyaraka zake, na usipite siku 60 tangu mwanafunzi aanze masomo. Kikikataa, hakuna rufaa kwa Wizara ya Elimu. Unaomba chuo kile kile kitazame upya ukiwa na ushahidi zaidi.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tano: anajitegemea. Kwa kuwa hakuwa na mapato ya kumlazimu kujaza kodi mwaka 2023, SAI ikawa hasi 1,500 na Pell ikapanda hadi 7,395. Miaka inayofuata, akiwa chuo kile kile, anahesabiwa hivyo hivyo isipokuwa hali yake ibadilike. Akihama, chuo kipya kinaweza kuanza upya, kwa hiyo faili zima libaki na nakala nyumbani.

Barua tatu mezani

Chuo binafsi cha jimbo jirani kilikuwa kimempa "ufadhili" wa dola 24,000 na nyumba nzima ikashangilia. Barua ilisema gharama ni 58,000 na salio ni sifuri. Hebu tuifungue: ufadhili 24,000, Pell 3,695 ya hesabu ya zamani, mkopo wa mwanafunzi 5,500, na "Parent PLUS" 24,805. Mstari wa mwisho ni deni la mzazi, linalopitia ukaguzi wa rekodi ya mikopo. Limeorodheshwa kwenye safu moja na ruzuku kana kwamba ni zawadi. Isitoshe, mama mdogo hana hata haki ya kuuchukua, kwa sababu ni wa wazazi. Bei halisi ya mwaka mmoja, yaani gharama yote ukitoa pesa zisizorudishwa, ni 30,305. Pell kamili inaishusha hadi 26,605, na bado hailipiki.

Barua ya chuo kikuu cha umma cha jimbo ilionekana ya unyonge, bila neno "Hongera" hata moja. Gharama akikaa bwenini 31,000. Akikaa nyumbani 21,000, ambapo masomo na ada ni 13,000, vitabu 1,200, chakula na malazi ya nyumbani 4,000, usafiri na mengineyo 2,800. Ruzuku za jimbo na za chuo, pamoja na KEES, tuzo ya Kentucky kwa alama za sekondari, ni 9,000. Ukiongeza Pell 7,395, jumla ni 16,395. Kwa anayekaa nyumbani, bili ya 13,000 inaisha na dola 3,395 zinabaki. Pesa inayobaki chuo kinatakiwa kumpa mwanafunzi ndani ya siku 14, na ni ya vitabu na nauli ya mwaka mzima, ingawa inakuja kwa mkupuo na kushawishi.

Tuseme kidogo kuhusu KEES kwa wenye watoto wadogo. Ni pesa ya bahati nasibu ya Kentucky, na mtoto huanza kuichuma darasa la 9, kila mwaka peke yake. Wastani wa 2.5 ni dola 125, 3.5 ni 375, 4.0 ni 500, na juu yake kuna bonasi ya ACT, mtihani wa kuingia chuo. Kiasi kilichojumlishwa hulipwa kila mwaka wa chuo. Mzazi anayesubiri darasa la 12 ndipo aulize habari za chuo, miaka mitatu imeshapita. Ruzuku nyingine ya jimbo, CAP, hutolewa kwa wenye uhitaji kupitia FAFSA hiyo hiyo na mfuko wake una kikomo, basi wanaochelewa hukuta umekwisha.

Chuo cha tatu kilikuwa cha kijamii cha miaka miwili: masomo na ada 6,000, ambazo Pell inazimaliza peke yake. Kwa familia nyingi tungesema aende hapo hapo. Kwa uuguzi tulisita, kwa sababu mtu akipanga kuhama baada ya miaka miwili anahitaji maandishi ya chuo kinachopokea yakisema somo gani litahesabiwa, na hapa uamuzi wa kujitegemea ungeweza kudaiwa upya. Kentucky pia ina Berea College, ambayo haijatoza karo tangu 1892 na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Ina masharti yake ya kuingia, na wakati huu dirisha lilikuwa limeshafungwa.

Alichukua chuo kikuu cha umma, akikaa nyumbani. Mkopo aliukataa. Kwa mwaka wa kwanza anayejitegemea anaruhusiwa hadi dola 9,500, na 3,500 tu ndizo ambazo serikali hulipia riba anaposoma. Zilizobaki zingeanza kuzaa riba ya asilimia 6.39 tangu siku ya kwanza. Kukataa mkopo hakuathiri ruzuku. Unaweza kukataa sehemu au wote, na ukahitaji baadaye katikati ya mwaka, unauomba.

Agosti na baada yake

Bili ya Agosti ilikuwa na mstari ambao haukuwa kwenye barua, wa bima ya afya ya wanafunzi. Vyuo vingi huiweka moja kwa moja na mara nyingi hupita dola 1,000. Mwenye bima nyingine hujaza fomu ya kujiondoa kabla ya tarehe ya mwisho. Akichelewa hata siku moja, analipa. Yeye alikuwa na kadi ya Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, akajiondoa kwa dakika 10.

Kuna muda wa masomo pia alioweza kuupunguza. Alisoma kwa Kifaransa hadi miaka 12, kwa sababu shule za Wakongomani kambini Nyarugusu hufuata mtaala wa Kongo. CLEP ni mitihani inayompa mtu krediti, yaani vipimo vya masomo ya chuo, kwa anachokijua tayari. Ule wa Kifaransa, kwa alama 50, hupendekezwa kuhesabiwa krediti 6, nusu ya mzigo wa chini wa muhula kwa mwanafunzi wa muda wote. Kila chuo kina jedwali lake la CLEP, lisome kabla ya kulipia mtihani.

Pell kamili inataka angalau krediti 12 kwa muhula, lakini kumaliza kwa miaka minne kunataka 15. Pell yote ya maisha ni mihula 12. Mwanafunzi anayeacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada hurudishwa na chuo kikamdai yeye. Kwa hiyo kabla ya kuacha somo kwa sababu ya zamu za kazi, aingie kwanza ofisi ya misaada aulize tarehe.

Mwaka unaofuata kijana wa kuzaa wa mama mdogo naye anafika darasa la 12. Kwake mapato ya wazazi yanahesabiwa yote, na ile nafuu ya zamani ya kuwa na wawili chuoni kwa pamoja ilifutwa katika fomu ya 2024–25. Kama mama mdogo na mumewe walijaza kodi pamoja, mmoja wao anatosha kutia saini. Kama mtu wa kodi aliwajaza kila mmoja "mkuu wa kaya" huku wameoana na wanaishi pamoja, hilo lirekebishwe IRS kabla fomu haijafunguliwa mwezi Oktoba, kwa sababu chuo kikiona ndoa kwenye FAFSA na hadhi hiyo kwenye kodi, kinalazimika kusimamisha msaada mpaka ilingane na ukweli.